Vuli imeingia Mida Creek: msiwafuate ndege, ngojeni maji yawalete

mwana_gede (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Najua kwenye jukwaa hili uzi unaotembea ni wa kuku wa kienyeji na bei ya mbuzi, ila leo nivumilieni nizungumzie ndege wasiouzwa.

Mwaka jana mwezi wa kumi alinijia shemeji kutoka Nairobi, darubini shingoni, na kitabu cha ndege ambacho kurasa zake zimekunjwa mpaka hazilali tena. Akataka nimpeleke Mida Creek, ule mkono wa bahari wenye mikoko hapa pwani ya Kenya. Mimi nimezaliwa Gede, Mida ni hapo hapo tu, lakini ndege nilikuwa nawajua kunguru, yangeyange na kuku wa jirani. Tukatoka ili tufike saa nne asubuhi, kwa hesabu kwamba ndege ni mambo ya asubuhi. Tukalipa kiingilio, tukapita kwenye lile daraja la kamba na mbao linaloning'inia katikati ya mikoko, tukafika kwenye kibanda cha kuchungulia. Tukachungulia. Tope. Tope mpaka macho yanachoka, na mbali kule kando ya mkondo vitone vyeusi kama mtu aliyemwaga pilipili manga.

Kulikuwa na mzee anachimba chambo. Akatutazama muda, akauliza: "Nyinyi mumekuja kutazama ndege ama kutazama matope?" Shemeji akaanza kumweleza mambo ya lenzi. Mzee akamkatiza: "Leo mwezi kumi na sita. Rudini saa nane, maji yawaletee."

Tukaenda kula samaki, tukarudi. Ndugu zangu, sijui niseme vipi. Maji yalikuwa yanapanda kimya kimya, hayana wimbi, ni kama sakafu inayolowa. Na kila yalipopanda hatua moja, wale pilipili manga wakasogea hatua moja kuja kwetu. Kufikia saa tisa walikuwa mbele yetu kwa mamia, wanakula kwa haraka kama watu waliosikia muadhini akijisafisha koo siku ya mfungo. Vitwitwi wadogo wanakimbia ukingoni mwa maji. Sululu wanatembea taratibu na midomo yao iliyopinda. Na katikati yao kundi la ndege weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu-buluu, mdomo mnene kama kisu cha mpishi, wamesimama ndani ya maji hadi tumboni wote wakitazama upande mmoja.

Hao ndio nimewafungulia uzi. Kitabuni wanaitwa Dromas ardeola. Mimi nawaita wala kaa kwa sababu ndiyo kazi yao. Tangu siku ile nimeenda mara kumi na moja. Vuli imerudi, nao wamerudi. Mwenye maswali aulize, mwenye kujua zaidi anifundishe.

Hesabu yenyewe kwa ufupi, kwa wasio watu wa bahari. Pwani yetu siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo na siku mbili tatu baada yake, maji hukauka sana kama saa nne asubuhi na hujaa kama saa kumi jioni. Kupwa na kujaa hupishana karibu mita tatu hadi nne. Kila siku saa zinasogea mbele kama dakika hamsini, kwa hiyo wiki moja baadaye, maji mafu, mambo yamegeuka: asubuhi yamejaa, jioni yametoka, tena hayajai kweli wala hayakauki kweli. Wewe chagua bamvua, fika saa saba na nusu, tulia. Creek mdomo wake ni mwembamba, hivyo humo ndani maji huchelewa kidogo kuliko jedwali la bahari linavyosema. Na faida nyingine: kibandani unatazama mashariki, basi mchana jua liko mgongoni mwako, kila unyoya unauona.

nyuki_dume

Nimekaa paleee kwenye kona nasubiri. Swali la kwanza la muhimu: wanalika?

mwana_gede

@nyuki_dume nilijua tu. Kitwitwi mdogo kabisa pale ana gramu 25 hivi, na robo yake ni manyoya na kiburi. Ukishamaliza kumnyonyoa utakuwa umekula kidole chako.

mwalimu_wa_zamu

Uzi mzuri, mleta uzi upewe maua yako. Nafundisha sayansi Kilifi, naomba kuongeza kitu kuhusu hao vitwitwi wenye mdomo uliopinda kidogo kwenda chini, kwa sababu watu hudhani ni wa hapa.

Huyo huzaliwa Siberia, kaskazini kabisa, sana sana rasi ya Taimyr, mahali ambapo majira ya joto ni wiki chache. Dume hata halei, akishapandana anaondoka. Jike analalia mayai na kulea, naye anaondoka. Watoto wanabaki. Halafu watoto wale, hawajawahi kuona njia wala hawana mtu mzima wa kuwaongoza, wanaruka wenyewe mpaka Afrika. Ndiyo maana Mida mwezi wa nane unawaona watu wazima, bado wana mabaka mekundu ya arusi kifuani, na mwezi wa tisa na wa kumi ndipo wanaingia wachanga, migongo yao kama magamba ya samaki na vifua vya rangi ya chai ya maziwa. Ukiwa na darubini nzuri utawatofautisha.

Na kuna miaka watoto ni wengi, miaka mingine karibu hawapo. Sababu ni panya. Kule kuna panya wadogo wa baridi, lemingi, ambao huongezeka kwa mzunguko wa miaka kama mitatu au minne kisha hupungua ghafla. Wakiwa wengi, mbweha wanashiba panya. Wakipungua, mbweha wanageukia mayai na vifaranga. Kwa hiyo ukikaa Mida ukahesabu wachanga, unaweza kukisia mbweha wa Siberia walikula nini mwezi wa saba. Hili nikiwaambia wanafunzi wangu darasa zima huamka.

kibaraza_cha_baraza

Naomba kupinga kidogo. Haya mambo ya kutazama ndege ni starehe ya wazungu waliostaafu. Mwenzangu na mimi tuna mikopo. Nani anaacha kazi saa saba mchana kwenda kutazama ndege mlamba matope?

mzee_wa_ngalawa

Mwanangu @kibaraza_cha_baraza, mimi sijastaafu na si mzungu. Nimevua miaka thelathini na mitano. Kabla hujazaliwa tulikuwa tunatazama ndege kuliko tulivyotazama wake zetu. Ukiwaona buabua wanazunguka mahali pamoja na kujitupa, chini kuna dagaa, na chini ya dagaa kuna jodari. Wakiruka chini chini juu ya maji bila kujitupa, wanatafuta tu, usipoteze tanga lako. Shakwe wakikaa wote mchangani wametazama kusini, jua upepo unatoka huko na usitoke na ngalawa ndogo. Hiyo darubini tu ndiyo hatukuwa nayo.

Na huyo mzee wa chambo kasema kweli. Ndege wa ufuoni na mvuvi wana kalenda moja.

Nikuongezee, mleta uzi. Hawa wanakuja na kaskazi kama majahazi yalivyokuwa yakija. Babu yangu aliona majahazi ya Sur na Kuwait yakiingia Lamu na Mombasa na tende na chumvi, yakangoja kusi yarudi na boriti za mikoko. Ndege nao hivyo hivyo, ila wao wanatangulia upepo kidogo, hawangoji ukomae. Mwezi wa nne kusi likishika, wanajaza matumbo na kuondoka. Wanabaki wale watoto wa mwaka wa kwanza, wao huruka zamu ya kurudi, wanakaa hapa hapa kusi lote kama vijana wasio na haraka ya kuoa.

kibaraza_cha_baraza

Shikamoo mzee. Nimenyamaza.

binti_sur

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika kutoka Oman, bibi yangu alizaliwa Unguja, Kiswahili nyumbani hatujakiacha. Mzee @mzee_wa_ngalawa umenitoa machozi na majahazi ya Sur.

Hao wala kaa wenu ni wetu pia! Wanazaliana pande zetu hizi: visiwa na fukwe za Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu mpaka Somalia. Na namna wanavyozaa hakuna ndege mwingine wa ufuoni anayefanya hivyo. Wanachimba shimo mchangani kama panya, handaki linaingia ndani, na mwisho wake jike anataga yai moja tu, jeupe pe. Jeupe kwa sababu liko gizani, halina haja ya kujificha kwa madoa. Juu mchanga unachoma mguu, huko chini joto limetulia, basi hata mama akitoka kula kaa yai halipoi wala haliungui. Wanaishi pamoja, mashimo mamia sehemu moja.

Kisha kifaranga anabaki shimoni analetewa kaa mpaka akue. Kuna sehemu yetu inaitwa Barr Al Hikman, tope na mchanga wa bahari mpaka upeo wa macho, majira ya baridi wanajaa ndege wa ufuoni mamia ya maelfu. Nilipelekwa na kaka zangu. Nilipowaona wale weupe na weusi nikasema hawa wakiondoka hapa wanakwenda kwa bibi.

mwana_gede

@binti_sur wa alaykum salaam dada. Umenifumbulia kitu kilichonisumbua mwaka mzima. Mida niliona ndege wa kijivu kijivu, mkubwa sawa na wenzake, anamfuata mla kaa mmoja kila anapokwenda, kichwa ameinamisha, anapiga mluzi mwembamba usioisha. Yule mkubwa akikamata kaa, anamvunja miguu, anampa. Nilidhani ni mgonjwa. Kumbe ni mtoto! Amevuka bahari nzima kwa mbawa zake, amefika Kenya, bado anadai kulishwa.

binti_sur

Ndiye huyo. Wanadeka miezi mingi hata baada ya safari. Wataalamu wamewaona wakilishwa huko huko Afrika. Yai moja tu, ndiyo maana. Mtoto wa pekee hafundishiki.

nyuki_dume

Nina mmoja kama huyo nyumbani, ana miaka 27, anapiga mluzi kila tarehe 30.

dada_wa_kunduchi

Wakuu, mimi niko Dar. Nimesoma uzi nikachukua darubini ya mume wangu (ya kutazamia mpira) nikaenda kwenye mashamba ya chumvi ya Kunduchi saa saba na nusu mchana siku ya bamvua kama mlivyosema. Ndege hamna! Vijito vya maji ya chumvi na yangeyange wawili. Mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Nisaidieni, nimekosea wapi?

mzee_wa_ngalawa

Binti yangu, hukukosea saa, ulikosea mahali. Mida unakaa ufuoni ukawangoja wakisukumwa na maji. Shamba la chumvi ni kinyume. Pale ndipo wanapokimbilia maji yakishawafukuza ufuoni. Bahari ikijaa kabisa hawana pa kusimama, wanaruka kwenda kwenye vitalu vya chumvi kupumzika, wakisubiri maji yatoke. Kwa hiyo Kunduchi nenda maji yamejaa yaani saa kumi. Saa saba na nusu walikuwa bado mezani.

dada_wa_kunduchi

Ahsante sana baba. Ngoja nirudi kesho, nitaleta mrejesho.

mtaa_wa_ruai

Sisi wa bara msitusahau. Mimi niko Nairobi, na sehemu yangu ya kutazama ndege wa vuli, msicheke, ni mabwawa ya maji taka ya Ruai.

Nimesema msicheke.

Mabwawa yale ni makubwa, maji yanatulia humo mpaka yasafike, na tope lake lina minyoo na mabuu ya wadudu tele. Kwa ndege aliyetoka Urusi na njaa, ile ni karamu. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja nimewaona bata wa kaskazini wenye mdomo mpana kama mwiko, vitwitwi wa aina nne tano, mbayuwayu wa kuhama kwa maelfu wakinasa wadudu juu ya maji. Ni lazima uombe ruhusa langoni, na kuvaa nguo ambazo huzipendi. Harufu unaizoea baada ya dakika ishirini. Mke wangu hajaizoea mpaka leo.

Kwa wanaoanza, Nature Kenya, chama cha wapenda mazingira, wana matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi, yanaanzia Makumbusho ya Taifa. Mama Fleur Ng'weno ameyaongoza tangu miaka ya sabini. Mimi ndiko nilikojifunzia, nilikwenda mara ya kwanza kwa sababu nilikuwa sina kazi na ilikuwa karibu bure.

jirani_wa_norfolk

Salaam kutoka Uingereza, huku vuli ni jina jingine kabisa: majani yanaanguka, saa kumi na moja jioni giza, mvua yenyewe haina radi wala shukrani. Niko mashariki ya nchi, kuna ghuba ya tope inaitwa The Wash, na ukingoni kuna hifadhi ya Snettisham. Hesabu ni ile ile ya mzee wa ngalawa. Siku za bamvua, watu wanaamka usiku, wanatembea na tochi gizani, wanafika ukutani kabla ya maji. Alfajiri bahari inafunika tope lote na vitwitwi wanene wa kijivu, makumi ya maelfu, wanainuka kwa pamoja. Linakuwa kama moshi unaobadilisha mawazo. Wakipita juu ya kichwa sauti ya mbawa unaisikia kifuani, si masikioni.

Nilimweleza Mwingereza mmoja pale kwamba kwetu hayo maji yana jina lake, bamvua, na mengine maji mafu. Aliliandika kwenye daftari lake.

kibaraza_cha_baraza

Nimerudi. Swali la heshima: hawa ndege wanakaaje hewani siku nyingi hivyo bila kula? Hiyo safari ya Siberia wanatua wapi?

mwalimu_wa_zamu

Wengi wanatua, @kibaraza_cha_baraza. Wanaruka kwa vituo: pwani ya bahari ya Kaspi, Ghuba, maziwa ya Bonde la Ufa. Kabla ya kuondoka wanakula mpaka uzito unakaribia kuongezeka maradufu, mafuta matupu. Baadhi yao hata matumbo na maini hupungua kabla ya safari ndefu, kwa sababu angani havina kazi, ni mzigo tu.

Lakini wapo wasiotua. Kuna ndege mwenye mdomo mrefu ulionyooka ukipinda kidogo kwenda juu, Limosa lapponica. Oktoba 2022 mmoja aliyefungwa kifaa cha kumfuatilia aliondoka Alaska akatua Tasmania, Australia. Kilomita 13,560, siku 11, hakutua hata mara moja. Alikuwa na umri wa miezi mitano. Ndugu zake wachache huonekana Mida, ukimwona msimamie kwa adabu.

kibaraza_cha_baraza

Miezi mitano! Mimi kutoka Mombasa hadi Voi nashuka mara tatu.

mwana_gede

Niongeze la Sabaki kwa walio Malindi, kwa sababu Mida si peke yake. Mdomo wa mto Sabaki, kaskazini kidogo ya mji, ni mahali pa kushuhudia zamu zikipokezana. Kuna ndege wa kahawia, mbawa ndefu zenye ncha, anaruka jioni kama mbayuwayu mkubwa akinasa wadudu. Huyo anatoka Bukini, yaani Madagaska. Anazaliana huko, anakuja kwetu mwezi wa nne, anakaa kusi lote, mwezi wa tisa anaondoka. Yaani anapofungasha yeye, ndipo wa Siberia wanafungua mizigo. Ukienda mwanzoni mwa mwezi wa tisa unaweza kuwakuta wote kwenye mchanga mmoja, mmoja anatoka kusini mwingine kaskazini.

Na mwezi wa kumi na moja mvua ikishika, tazameni juu, si chini. Kozi wadogo kutoka Amur, mpakani mwa Uchina na Urusi, wanavuka bahari kutoka India na kupita kwetu kwenda kusini mwa Afrika. Wanatangulizana na mawingu, wanakula kumbikumbi angani. Mimi niliwaona siku moja tu, nikiwa naanua nguo. Nguo zililowa zote.

lulu_ya_shela

Samahani kwa kuingilia, nataka kujua majina. Mbona kila mtu anasema "kitwitwi" kwa kila ndege mdogo? Na sululu si ile ya kuchimbia?

mzee_wa_ngalawa

Sululu ni vyote viwili. Mtazame mdomo wake, halafu tazama sululu ya fundi. Anachimbia kaa kama mtu anayechimba msingi.

Kitwitwi ni kweli tunawachanganya. Kwetu mvuvi, jina linatoka kwenye kazi. Ndege anayekuonyesha samaki ana jina lake, anayekula chambo chako ana jina lake na tusi juu. Hawa wadogo hawakutupa wala hawakutuibia, basi tukawapa jina moja wote.

mwalimu_wa_zamu

Kuhusu sululu kuna habari si nzuri. Alikuwepo mmoja wao, mwembamba wa mdomo, Numenius tenuirostris, akizaliana Siberia na kuhamia pande za Mediterania. Mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika ilikuwa Morocco mwaka 1995. Oktoba 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, likamtangaza ametoweka. Si ndege wa kwetu, lakini ni ukoo ule ule unaotembea Mida, na kukaushwa kwa mabwawa pamoja na risasi za njiani havichagui ndugu.

Wala kaa wenyewe, dunia nzima wanakadiriwa kati ya 60,000 na 80,000. Ni kama watazamaji wa mechi moja uwanja mkubwa.

nyuki_dume

Hapo nimeacha utani. Kwa hiyo huku kwetu kinachowatisha ni nini hasa?

mwana_gede

@nyuki_dume ninachokiona mimi: mikoko kukatwa usiku, plastiki, na mbwa. Mbwa usimdharau. Ndege amekula dakika tano, mbwa anawarusha, wanazunguka, wanatua, mbwa tena. Kila kurushwa ni mafuta yanayoungua, na mafuta hayo ndiyo nauli ya kurudi. Hata sisi watazamaji. Nimemwona mtu akishuka matopeni na simu ili apige picha karibu. Alipata picha ya migongo ya ndege mia tatu wanaoondoka.

Kiingilio cha lile daraja la kamba kinakwenda kwenye karo za sekondari za watoto wa vijiji vinavyozunguka creek na msitu wa Arabuko-Sokoke. Kwa hiyo kuna mtoto amesomeshwa na hawa ndege. Hilo nilimwambia jirani anayekata boriti. Alinyamaza, nami sikuongeza neno.

dada_wa_kunduchi

MREJESHO! Nimeenda saa tisa na nusu. Mlinzi yule yule, akacheka, akanipa kiti. Saa kumi kasoro dakika tano wakaanza kuja kutoka baharini, makundi makundi, chini chini juu ya mikoko, wanatua kwenye kingo za vitalu. Kulikuwa na weupe na weusi wenye miguu myekundu mirefu kama wamesimama kwenye mirija. Vitwitwi siwezi kuhesabu. Sululu watatu nimewajua bila kuuliza mtu. Wamesimama wote mguu mmoja, mdomo mgongoni, wamelala, na mimi kwenye kiti nikatulia mpaka nikasahau nimeacha maharage jikoni.

Mlinzi kaniambia amekaa pale miaka sita na hao ndege huwaona kila mwezi, ila hakuwahi kujua wanatoka mbali. Nilipomwambia Urusi akasema, "Ndiyo maana hawanisalimu."

mtaa_wa_ruai

Mlinzi apewe uzi wake.

lulu_ya_shela

Darubini ya kuanzia ni ipi? Sina hela nyingi.

mtaa_wa_ruai

Dada, tafuta iliyoandikwa 8x42. Hiyo nane ni ukuzaji, arubaini na mbili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Usidanganywe na 20x au 30x za barabarani. Ukiishika mkono unatetemeka, ndege anakuwa anacheza chakacha. Mtumba mzuri ni bora kuliko mpya mbovu: igeuze mwangani, ukiona ukungu au utando ndani ya lenzi, rudisha. Daftari na kalamu ni lazima. Ukimwona ndege ana pete mguuni andika rangi, mguu upi, juu au chini ya goti, na saa. Kuna watu wanaingoja habari hiyo.

mwana_gede

Wakuu, kwa walioomba tukutane: Jumamosi hii ni mwezi kumi na tano. Tukutane barabara kuu, kituo cha Mida, saa saba kamili. Jumamosi ya pili ya Oktoba ndiyo siku ya kimataifa ya ndege wahamao, lakini mimi sifuati kalenda ya ukutani, nafuata maji. Leteni maji ya kunywa, kofia, na viatu vya kufunga. Nimesema vya kufunga.

mwana_gede

Mrejesho wa Jumamosi. Tulikuwa tisa. @kibaraza_cha_baraza alifika wa kwanza, na darubini mpya, hataki kusema bei. Mzee wa ngalawa alikuja na mjukuu wake wa darasa la tano, ambaye alihesabu haraka kuliko sisi sote: wala kaa 214, na wanane kati yao wa kijivu wanaodai kulishwa. Sululu 61. Vitwitwi tuliacha kwenye mia nne maana furukombe alipita wakaruka wote, hesabu ikaharibika, tukabaki tunawatazama tu. Yule mzee wa chambo alikuwepo. Alituuliza kama leo tumekuja kutazama matope.

@binti_sur, mjukuu ameniomba nikuulize: yale mashimo yao, maji ya bahari hayaingii?

binti_sur

Mwambie wanachimba juu, pale maji ya bamvua yasipofika. Na wao wanajua hesabu ya mwezi.

mwana_gede

Nimemwambia. Na jambo jingine: kuna kobazi moja la mguu wa kushoto, namba 42, lilibaki matopeni, mlinzi wa daraja amelitoa na kulisafisha. Mwenyewe anajijua. Nilisema viatu vya kufunga.

kibaraza_cha_baraza

Nitalipitia bamvua ijayo.